Mali yako inapokamatwa kwa deni la mtu mwingine

Chukulia unaishi Mashewa, wilayani Korogwe, na ng'ombe wako watatu wanalala kwenye zizi la shemeji yako kwa sababu kwako hakuna nafasi. Shemeji alikopa kwa mfanyabiashara wa Handeni, biashara ikamwendea kombo, akashtakiwa, akashindwa kesi. Asubuhi moja anafika dalali akiwa na karatasi yenye muhuri wa mahakama, mtendaji wa kijiji yuko naye. Anahesabu mifugo iliyomo zizini, anaandika orodha, anaondoka nayo yote. Wako wamo. Hukukopa, hukushtakiwa, jina lako halimo popote kwenye kesi ile. Mnada umepangwa.

Watu wengi wakifikwa na hali hii huenda kwanza kwa diwani. Diwani huwatuma kwa mkuu wa wilaya, na ofisi ya mkuu wa wilaya huwaandikia barua ya kwenda polisi. Polisi huwaambia hili ni jambo la madai. Wiki mbili zimekwisha. Hakuna hata mmoja kati ya hao mwenye uwezo wa kusimamisha amri ya mahakama, hata kama anakuonea huruma na anajua kabisa ng'ombe ni wako. Anayeweza ni mahakama yenyewe iliyotoa amri, na hiyo ndiyo inayosahaulika.

Sheria ya Tanzania imemwekea mtu wa namna yako njia yake, inayoitwa pingamizi dhidi ya ukamataji wa mali. Si kesi mpya. Ni maombi yanayoingizwa ndani ya kesi ileile ya watu wawili ambayo wewe humo, ukiieleza mahakama kwamba katika mali iliyokamatwa kuna kitu ambacho si cha mdaiwa. Njia hii inaanzia siku mali inapokamatwa na kuishia siku mnada unapofanyika. Ukiitumia ndani ya muda huo, gharama yake ni ndogo na uamuzi haukawii sana. Ukiuacha muda huo upite, bado una haki, lakini utaitafuta kwa njia ndefu na ya gharama, mara nyingi dhidi ya mnunuzi ambaye naye anaamini amenunua kihalali.

Soma karatasi kabla ya kulia

Amri ya kukamata mali ina mambo unayoyahitaji yote: jina la mahakama, namba ya shauri, jina la mdai, jina la mdaiwa, kiasi cha deni, na jina la dalali aliyepewa kazi. Ipige picha kwa simu. Kama huna simu yenye kamera, mwombe kijana yeyote aliye karibu. Omba pia nakala ya orodha ya vilivyochukuliwa, na uhakikishe vitu vyako vimeelezwa vinavyoeleweka: ng'ombe jike mwekundu mwenye doa jeupe usoni, pikipiki yenye namba fulani, cherehani ya aina fulani. Orodha inayosema "ng'ombe saba" bila maelezo itakutesa siku ya kusikilizwa, kwa hiyo kama dalali hakuandika alama, ziandike wewe siku hiyohiyo na uwaombe majirani walioshuhudia waweke saini.

Dalali wa mahakama si mtu yeyote mwenye kipaza sauti. Kazi yake inaongozwa na kanuni zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 363 la 2017, na kati ya masharti yake ni kwamba awe amepata mafunzo na cheti katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambacho kiko hapo Lushoto. Una haki ya kumwomba kwa heshima aonyeshe kitambulisho na amri. Usigombane naye wala usijaribu kuondoa mali mikononi mwake kwa nguvu. Ukifanya hivyo unaweza kugeuka mshtakiwa wa jinai, na pingamizi lako zuri likaingia doa kabla halijasikilizwa.

Jina la mahakama linabeba uzito zaidi kuliko kitu kingine kwenye karatasi ile. Kama hukumu ni ya Mahakama ya Mwanzo, unakwenda kwa kanuni ya 70 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai katika Mahakama za Mwanzo, Tangazo la Serikali Na. 310 la 1964. Kanuni hiyo inasema wazi kwamba mtu yeyote asiye mdaiwa, anayedai kuwa mmiliki wa mali iliyokamatwa au kuwa na maslahi nayo, anaweza kuiomba mahakama iiachie, akitaja sababu zake. Kama hukumu ni ya Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, unatumia Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya 21, kuanzia kanuni ya 57. Kama ni uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, maombi yanapelekwa kwenye baraza hilohilo.

Hapa watu wa Mashewa wana tatizo lao. Mahakama ya Wilaya ya Handeni ina mamlaka ndani ya Handeni, na Mashewa iko Korogwe. Mdai wa Handeni anayetaka mali iliyoko Mashewa kwa kawaida huiomba mahakama yake ihamishie hukumu Korogwe ili ikaziwe huko. Kwa hiyo inawezekana kabisa kesi ikawa ilisikilizwa Handeni huku amri ya kukamata imetoka Korogwe. Pingamizi linakwenda kwenye mahakama iliyotoa amri ya kukamata. Kati ya Korogwe na Handeni kuna lami ya kilomita 65, na kabla ya hapo mtu wa Mashewa ana safari ya kushuka hadi Korogwe mjini. Mtu akikosea mahakama amepoteza siku nzima, na nauli, na pengine mnada wenyewe. Piga simu au muulize karani kabla ya kupanda gari.

Kuandika pingamizi

Katika Mahakama ya Mwanzo huhitaji maneno makubwa. Andika kwa Kiswahili cha kawaida: mimi ni fulani, mkazi wa kijiji fulani, tarehe fulani dalali alikamata mali zifuatazo kwa deni la fulani katika shauri namba fulani, mali hizi ni zangu kwa sababu hizi, naomba mahakama iziachie, na naomba mnada usimame hadi maombi yangu yasikilizwe. Weka saini au dole gumba. Toa nakala tatu au nne, kwa sababu mdai na mdaiwa wote wawili lazima wapelekewe taarifa.

Ile sentensi ya kuomba mnada usimame usiisahau. Watu hudhani kwamba ukishawasilisha pingamizi, mnada unasimama wenyewe. Chini ya Sura ya 33, mahakama inaweza kuahirisha mnada uliokwisha kutangazwa ikisubiri kuchunguza madai, lakini ni mahakama inayoamua, na inaamua ikiwa imeombwa. Kama zimebaki siku tatu, mwambie karani ni jambo la dharura na uombe jalada lipelekwe kwa hakimu siku hiyohiyo. Amri ya kusimamisha ikitoka, chukua nakala yenye muhuri na umpelekee dalali mwenyewe, mkononi, na nakala nyingine kwa mtendaji wa kijiji. Amri iliyobaki kwenye jalada haimzuii dalali asiyejua kwamba ipo.

Katika mahakama za juu maombi huambatana na hati ya kiapo, yaani maelezo yako uliyoyaapia mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Huko ni vizuri kupata msaada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani na vijijini, ambao huduma yao kwa wasio na uwezo haina malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri hukuelekeza walipo. Ada za mahakama zilipwe kwa namba ya malipo ya serikali na upewe risiti. Fedha yoyote unayoambiwa uiweke mkononi mwa mtu bila risiti si ada ya mahakama.

Mahakama inaweza kukataa hata kulichunguza pingamizi iwapo itaona limecheleweshwa kwa makusudi au bila sababu. Mtu aliyekaa wiki nne akijua, kisha akaja usiku wa kuamkia mnada, anamfanya hakimu ajiulize kama hajatumwa na mdaiwa kuvuta muda.

Unachotakiwa kuthibitisha

Mzigo wa kuthibitisha ni wako, mleta pingamizi. Unatakiwa kuonyesha kwamba siku mali ilipokamatwa ulikuwa na maslahi nayo, au ulikuwa umeishika. Siku ya kukamatwa ndiyo inayoangaliwa. Karatasi ya mauziano uliyoandikiana na mdaiwa wiki moja baada ya dalali kupita haina nguvu dhidi ya mdai, na inaweza kukuharibia hata ushahidi mwingine wa kweli ulio nao.

Rudi kwa wale ng'ombe watatu. Siku ya kusikilizwa karani ataita majina matatu: lako, la mdai na la mdaiwa. Utaapa, utaeleza, kisha mdai atakuuliza maswali. Atauliza ulinunua wapi na lini. Atauliza yule mwenye doa ana umri gani na amezaa mara ngapi. Atauliza kwa nini ng'ombe wako walale kwa mtu mwingine, na nani alikuwa ananunua dawa na kulipa mchungaji. Mwenye mali hujibu maswali haya bila kusita. Stakabadhi ya mnada wa mifugo uliponunulia, kibali cha kusafirisha, kumbukumbu za josho au chanjo kwa afisa mifugo, hereni ya sikioni yenye namba iliyosajiliwa kwa jina lako, alama ya moto ya ukoo wako, jirani aliyeshuhudia siku walipoletwa: kila kimoja kinaongeza uzito. Mahakama inakubali kwamba mtu anaweza kushika mali kwa niaba ya mwingine, na sheria imeliona jambo hilo. Ikiridhika kwamba shemeji aliwashika kwa ajili yako na si kama mali yake, inaamuru waachiwe. Ikiona aliwashika kama mali yake, inakataa.

Pikipiki za bodaboda zina utata wa aina yake. Kijana anaendesha kwa mkataba, analeta hesabu kila siku au kila wiki, na mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yake. Katikati ya mkataba anakamatiwa pikipiki kwa deni lake binafsi. Mwenye pikipiki akiwa na kadi yenye jina lake, mkataba ulioandikwa kabla ya ukamataji na daftari la marejesho, ana pingamizi la nguvu. Lakini wengi hununua pikipiki iliyotumika na kuacha kadi ibaki na jina la mmiliki wa zamani kwa miaka, wakikwepa gharama ya kubadilisha. Siku yule wa zamani atakapodaiwa, kadi itasema pikipiki ni yake. Kama uko katika hali hiyo leo, nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) ukabadilishe jina wiki hii.

Mke, watoto na nyumba

Pingamizi nyingi zinaletwa na wake, na ndizo zinazoumiza zaidi zikishindwa. Mume amekopa bila kusema nyumbani, mke anajua siku dalali anapofika.

Deni la mume haligeuki kuwa deni la mke kwa sababu ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali ya mke wala ya mume. Lakini sheria hiyo pia, katika kifungu cha 60, inaweka dhana kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja ni ya huyo mwenye jina, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mke asiye na jina kwenye karatasi lazima alete uthibitisho: fedha yake ilivyoingia, tofali alizonunua, kikundi cha kuweka na kukopa alikochukua mkopo, ushahidi wa fundi aliyelipwa na yeye. Tangu 1983, katika kesi mashuhuri ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kesi ile ilihusu mgawanyo baada ya talaka, si pingamizi la mnada, lakini imebadilisha namna mahakama zinavyoitazama kazi ya mwanamke ndani ya nyumba, na mke anayepinga ukamataji anafanya vyema kuieleza kazi yake waziwazi badala ya kusema tu "ni mali ya familia".

Kuna hoja nyingine ambayo kwa maoni yangu mara nyingi ni bora kuliko ya umiliki, na haitumiki inavyostahili. Kifungu cha 48 cha Sura ya 33 kinataja mali zisizoruhusiwa kukamatwa kabisa hata kama ni za mdaiwa. Humo yamo mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto. Zana za fundi. Na kwa mkulima, zana za kilimo, mifugo na mbegu anazohitaji ili apate riziki. Imo pia nyumba wanamoishi mdaiwa, mkewe na watoto wanaomtegemea, na ardhi ya kilimo ya mtu ambaye maisha yake yote yanategemea ardhi hiyo. Kwa kijiji cha wakulima kama vilivyo vingi vya Mashewa, maneno haya ni ngao kubwa. Mke anaweza kushindwa kuthibitisha kwamba nyumba ni yake, lakini akathibitisha kwa urahisi kwamba ndiyo wanamolala yeye na watoto. Aziweke hoja zote mbili. Nyumba iliyowekwa rehani kwa hiari ni habari nyingine, na Mahakama ya Mwanzo haifuati Sura ya 33, kwa hiyo huko mwombe hakimu au karani akuonyeshe orodha inayotumika katika mahakama yake.

Shamba la marehemu nalo lina matatizo yake. Baba amefariki, mirathi haijafunguliwa, watoto sita wanalima kila mmoja kipande chake, na mmoja wao amedaiwa. Dalali anafika na kukamata shamba zima. Ndugu watano wakienda mahakamani kila mtu kivyake, swali la kwanza litakuwa: ninyi ni nani kisheria katika mali hii? Mwenye sauti juu ya mali ya marehemu isiyogawanywa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia inayokaa miaka kumi bila kufungua mirathi inajiweka wazi kwa madeni ya kila mmoja wao. Kikao cha ukoo, cheti cha kifo, barua ya mtendaji na maombi Mahakama ya Mwanzo: hayo yafanyike sasa, pasipo deni lolote kuonekana, kwa sababu uteuzi una utaratibu wake wa matangazo na hauwezi kuharakishwa ukiwa na mnada wa kesho kutwa.

Shamba ulilonunua kwa karatasi ya mkono

Ardhi haikamatwi kwa kubebwa. Mahakama inatoa amri inayomzuia mdaiwa kuiuza au kuihamisha, na sheria inataka amri hiyo itangazwe mahali penyewe au jirani yake, kwa kupigwa ngoma au kwa desturi nyingine ya mahali, na nakala ibandikwe kwenye eneo na mahakamani. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ukikuta karatasi imebandikwa kwenye mti wa shamba ulilonunua miaka mitatu iliyopita, usiing'oe. Isome.

Wengi wetu tumenunua mashamba kwa karatasi yenye saini za muuzaji, mnunuzi na mashahidi wawili. Kwa ardhi ya kijiji hiyo haitoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inataka uhamisho upate idhini ya halmashauri ya kijiji, na Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili. Maana yake ni nzito: ulilipa, unalima, lakini mbele ya mahakama shamba linaweza kuonekana bado ni la yule aliyekuuzia, na yeye ndiye anayedaiwa. Kilichobaki kukusaidia ni ushahidi kwamba umelishika kwa haki yako mwenyewe tangu kabla ya ukamataji: miti uliyopanda, kibanda ulichojenga, majirani wa mpaka. Hilo linaweza kutosha au lisitoshe.

Anayenunua leo aende na muuzaji kwenye halmashauri ya kijiji, aombe muhtasari wa kikao uliogongwa muhuri, kisha aombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake, na kama ana mwenzi, kwa majina yao wote wawili. Hati hiyo kisheria ina hadhi sawa na hati ya ardhi ya mjini.

Uamuzi ukishatoka

Mahakama ikikubaliana nawe, inaamuru mali yote au sehemu iachiwe. Chukua nakala, mpelekee dalali, dai mali yako pamoja na orodha ileile uliyoitunza.

Ikikukatalia, njia zinatofautiana. Uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo unaweza kukatiwa rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Chini ya Sura ya 33 hakuna rufaa ya uamuzi wa pingamizi. Aliyeshindwa, awe wewe au mdai, anafungua kesi mpya ya kuthibitisha haki yake juu ya mali hiyo, na matokeo ya kesi hiyo ndiyo yatakayobadilisha uamuzi wa awali. Wengi hupoteza miaka wakikata rufaa pasipo na rufaa, halafu wanaambiwa wamekosea mlango na muda wa kufungua kesi umekwisha. Muulize mwanasheria swali hilo moja siku uamuzi unaposomwa.

Na kama mnada umekwisha kufanyika bila wewe kujua? Kwa nyumba na ardhi, Sura ya 33 inampa mtu ambaye maslahi yake yameguswa siku 30 za kuomba mauzo yatenguliwe kwa sababu ya ukiukaji mkubwa wa utaratibu au udanganyifu, ilimradi aonyeshe kwamba ameumia kwa ukiukaji huo. Angalia kama tangazo lilibandikwa, na kama mnada ulingoja siku zinazotakiwa: angalau 30 tangu tangazo kubandikwa mahakamani kwa mali isiyohamishika, na angalau 15 kwa inayohamishika. Siku 30 za maombi zikipita bila mtu kusimama, mahakama inathibitisha mauzo na mnunuzi anapewa hati.

Kwa mifugo, mahindi na pikipiki, hali ni ngumu zaidi. Kasoro za mnada wa mali inayohamishika hazitengui mauzo. Aliyeumia anabaki na kesi ya fidia dhidi ya aliyesababisha, au ya kurudishiwa kitu chake kama aliyekosea ndiye mnunuzi. Ng'ombe aliyeuzwa Jumatatu anaweza kuwa ameshachinjwa Jumatano. Ndiyo maana nasisitiza mnada usimamishwe kabla.

Utaratibu huu wote ni wa amri ya mahakama. Benki au taasisi ya mikopo inayouza nyumba iliyowekwa rehani, bila kupitia mahakamani, haizuiwi kwa pingamizi la namna hii. Huko unafungua kesi yako mwenyewe na kuomba zuio. Kwa hiyo swali la kwanza kwa dalali yeyote ni: umetumwa na mahakama au na mkopeshaji?

Kwa mdai na kwa mnunuzi

Mdai naye ana haki, na mara nyingi ni mtu mdogo kama mdaiwa: mwenye duka aliyekopesha pembejeo, mama aliyeuza mahindi kwa mali kauli. Pingamizi za uongo zinamnyima haki yake. Kuna wadaiwa ambao siku ya hukumu huandikisha shamba kwa jina la kaka na kumwita mke aje kupinga. Anayekubali kutumiwa hivyo anaapa uongo mahakamani, na kosa hilo lina kifungo. Mdai anayetaka kuepuka misukosuko afanye uchunguzi kabla ya kuorodhesha mali: amuulize mtendaji, afisa mifugo na majirani kitu gani ni cha nani. Kukamata mali ya mtu asiyehusika kunaweza kumgharimu fidia kubwa kuliko deni lenyewe.

Mnunuzi wa mnadani kwa mali isiyohamishika hulipa asilimia 25 papo hapo na iliyobaki ndani ya siku 15. Asianze kujenga siku hiyo. Asubiri siku 30, asubiri uthibitisho na hati. Ikibainika mdaiwa hakuwa na haki yoyote ya kuuzwa katika mali ile, mnunuzi naye ana njia ya kuomba mauzo yatenguliwe na fedha yake irudi.

Kama unasoma haya na mali yako imekamatwa jana, acha mengine yote. Kesho saa moja na nusu asubuhi uwe mlangoni kwa karani wa mahakama iliyoandikwa kwenye amri, ukiwa na picha ya amri hiyo, barua yako nakala nne, karatasi zozote ulizo nazo, na jina la jirani mmoja atakayekubali kusimama shahidi. Mwambie karani: nimekuja kuweka pingamizi, na naomba mnada usimame.